Mama Aliyeacha Watoto Garini

Ijumaa, 7 Februari 2025

Joto, jamani! Leo watoto wa darasa langu walilaza vichwa mezani hata kabla ya saa nne. Nikaachana na herufi, nikawasomea hadithi. Wawili wakalala kabisa. Februari ya Kisumu haina huruma, na mvua bado.

Opondo amerudi mapema na habari. Shirika lao linatafuta mkuu wa mradi wa lishe ya watoto, na jina lake limo kati ya watu watatu wa mwisho. Intavyuu ni Jumatano. Amenibeba hapo jikoni akanizungusha — mimi na mwiko mkononi, ugali unaungua! Miaka tisa mume wangu amezunguka vijiji na mizani ya kupima watoto. Anastahili. Nimemwambia hivyo, na nilimaanisha.

Halafu tukakosana kidogo. Nikimwogesha Akello, aliniambia jana baba aliwaacha kwenye gari nje ya supamaketi, na mdogo wake Ondiek akalia mpaka akatapikia shati. Nikamuuliza Opondo.

"Dakika mbili tu, Debra. Maziwa."

Nikasema hizo dakika mbili zake nazijua. Akacheka. "Na wewe pale bekari?"

Hapo alinishika. Kweli. Mwezi jana, bekari ya Milimani, mara mbili. Dirisha wazi kidogo, nawaona kupitia kioo nikiwa kwa foleni. Lakini niliwaacha. Ukiwa na mmoja wa miaka mitano na mwingine hajafika miwili — kuwatoa garini, viatu, kilio, kuwafunga tena mikanda — kwa mkate mmoja! Tumekubaliana: sote wawili, mwisho. Tumepeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.


Jumapili, 9 Februari

(Naandika nyuma ya kadi ya kliniki. Nitaibandika.)

Yuko hai. Ondiek yuko hai.

Dripu mkono wa kushoto. Midomo imeanza kurudiwa na rangi. Daktari anasema tulimfikisha kwa wakati. Dakika kumi zaidi — hakumalizia. Akello amelala kwenye benchi na gauni lake la kanisa, kiatu kimoja. Hakuna anayejua kingine kiko wapi.

Kadi imejaa. Basi.


Jumatatu, 10 Februari

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani mchana. Ondiek ameomba uji, akaumaliza, akaomba tena. Sijawahi kufurahia kuosha kikombe hivyo.

Niandike ilivyokuwa, kabla maneno ya watu hayajanichanganya.

Tulitoka kanisani saa sita u nusu. Nilitaka kupita soko la Kibuye nimtafutie Akello viatu vya shule, na nichukue omena za mboga ya jioni. Opondo akaegesha kando ya barabara, upande wa wauza nyanya. Ondiek alikuwa amesinzia. Nikasema basi tuwabebe. Opondo akasema, na maneno yake nayakumbuka moja moja: "Waache walale. Mimi nakaa nao. Nenda pole pole, uchague vizuri." Hata alisukuma kiti nyuma, akavua viatu. Injini ilikuwa inanguruma, hewa baridi inavuma. Nikaenda.

Nikaenda pole pole! Nilichagua vizuri! Nimepima viatu kwa kamba niliyoikata kwa urefu wa mguu wake, nimebishana na muuzaji, nimecheka. Kama dakika arobaini.

Nikirudi nikasikia kelele. Watu wamezunguka gari la fedha. Nikafikiria ajali. Halafu nikaona namba — letu. Mwanaume mmoja ana jiwe, na kioo cha mbele upande wa abiria kiko chini vipande vipande. Injini imezimwa. Madirisha yote juu. Kiti cha dereva kitupu. Mama mmoja mnene wa nyanya amempakata Ondiek wangu, anammwagia maji kichwani kwa kibuyu, na shingo ya mtoto imelegea. Akello amesimama kando, analia bila sauti. Alijaribu kufungua mlango, alisema baadaye, lakini milango ya nyuma ina loki ya watoto. Mimi ndiye niliyeiweka hiyo loki. Wasianguke.

Nikapiga nduru. Nikakimbia na mifuko yangu mikononi. Na hapo ndipo mtu akasema: "Mama yao ndiye huyu! Alikuwa anashop!"

Basi. Matusi yote ya Kibuye. Nyang'au. Malaya. Simu zimeinuliwa juu kama tuko kwenye harusi. Mwanamke mmoja alinisukuma, bega likagonga mlango wa gari. Mwingine akanitemea mate. Ningejibu nini? Nilimchukua mtoto, nikamkamata Akello mkono, tuktuk ikatubeba. Mwenye tuktuk pekee ndiye hakusema kitu. Alipiga honi njia nzima.

Opondo alifika kliniki kama nusu saa baadaye. Funguo za gari mkononi. Alianguka magotini pale sakafuni, akalia mpaka nesi akamletea maji. Alikuwa ameenda kupiga kopi ya vyeti vya intavyuu, akasema. Dakika mbili. Alizima gari kwa sababu ya wezi wa magari, akapandisha vioo kwa sababu ya wezi wa simu. Foleni ikawa ndefu.

Niliweka mkono kichwani kwake. Niliona ndevu zimechongwa mstari safi. Nadhani alinyolewa Ijumaa, kwa ajili ya intavyuu.


Jumanne, 11 Februari

Iko kila mahali. Video. "Mama aliyeacha watoto garini Kibuye aende shopping." Sekunde thelathini na mbili. Inaanza mimi nakimbia na mifuko. Dada yangu Dorca amenitumia kutoka Nakuru. Hakuuliza mtoto yuko aje. Ameandika tu: Debra, kweli??? Kwa kikundi cha kina mama wa kanisa nimeshahukumiwa kabisa, wengine wananiombea, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Nimemwambia Opondo nataka kuandika pale kwenye kikundi kwamba si mimi. Mistari miwili tu.

Ameketi kando yangu kitandani. Amesema kwa upole. Kwamba shirika lao lina sheria ya ulinzi wa mtoto, kila mfanyakazi ameweka sahihi. Kwamba ikijulikana ni yeye, si intavyuu tu — anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kwamba mtu wa video hana jina, ni mama yeyote, na baada ya wiki moja watu watapata mwingine wa kumcheka. "Nisitiri, Debra. Siku chache tu. Nikishapata kazi, mimi mwenyewe nitasimama niseme."

Alilia tena. Na mimi nikawaza ile bekari. Ingeweza kuwa mimi, kweli ingeweza. Nani ananipa haki ya kuwa jaji?

Nimesema sawa.


Jumatano, 12 Februari

Intavyuu asubuhi. Nimempigia pasi shati la bluu lile lile la Jumapili, maana ndilo la bahati, anasema. Amenibusu paji la uso.

Mimi nikaenda shule. Mlangoni askari aliangalia chini. Nilikuwa sijaweka hata mkoba, Madam Hadiya akaniita ofisini. Mwalimu mkuu huyu tumefanya kazi pamoja miaka sita. Alinifundisha mimi kufundisha. Alifunga mlango mwenyewe, akanivutia kiti.

"Mwalimu, wazazi kumi na mmoja wamenipigia tangu jana. Mmoja anasema hawezi kumwachia mtoto wake mwanamke wa ile video."

Nikaweka mkoba sakafuni.

"Debra. Nakujua. Wewe ndiye unahesabu watoto mara tatu wakienda msalani. Kuna kitu unataka kuniambia?"

Jina la Opondo lilifika kwenye meno. Nikaona shati la bluu. Nikasema, "Hapana, Madam."

Alisubiri. Alinipa muda mrefu sana, Mungu ambariki. Kisha akasema nikae nyumbani wiki mbili, halafu bodi itaketi. Nimechukua kikombe changu na kanga ya kujifunika wakati wa usingizi wa watoto. Wakiimba wimbo wa kunawa mikono nilikuwa tayari nje ya geti.

Opondo amerudi anapiga miluzi. Ilienda vizuri sana, anasema. Nikamwambia ya shule. Akasema, "Pole, mpenzi. Lakini hiyo ni wiki mbili tu." Akauliza kama kuna chai.


Ijumaa, 14 Februari

Ondiek hataki kuingia gari. Ameshikilia mlango wa nyumba kwa mikono miwili, analia "hapana moto, hapana moto." Tumeenda kliniki kwa miguu, mimi na yeye mgongoni. Daktari anasema yuko sawa kabisa.

Kioo kipya kimewekwa. Gari linang'aa.


Jumamosi, 15 Februari

Nimechoka. Lakini nitaandika.

Mama mkwe alikuja kutoka Muhoroni kwa basi la asubuhi, pamoja na Joram, kaka mkubwa wa Opondo. Nilidhani wamekuja kumwona mtoto. Kumbe ni kikao! Opondo alijua. Viti vilikuwa vimepangwa nikitoka jikoni.

Joram akafungua kwa maombi. Akasema video imefika mpaka kwa wakata miwa, watu wanamuuliza kama huyo si mke wa ndugu yake. Mama mkwe akasema yeye amezaa saba, hakuwahi kuwa na gari, na hakuwahi kuwaacha hata mmoja. "Nyar Seme," akaniita — nimeolewa miaka minane, bado mimi ni binti wa Seme tu — "Nyar Seme, viatu vya mitumba na mtoto, kipi kizito?" Akello amepewa jina lake huyu mama. Alikuwa amemweka magotini, anamsuka nywele huku ananiuliza.

Nilimtazama Opondo. Nilijua hatasema ukweli. Hilo nilikuwa nimekubali. Nilitaka tu aseme yaishe. Aseme, mama, tumeongea, tuyaache. Ningeridhika kabisa.

Akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Akasema:

"Mimi kama mume, nimeumia. Nimemwambia mara nyingi kuhusu hii tabia. Lakini Debra amejuta mbele yangu. Nimemsamehe. Naomba na nyinyi mumsamehe."

Nimemsamehe!

Wakapiga makofi. Joram akamshika bega, akasema huyo ni mwanaume mwenye nyumba. Mama mkwe akafuta machozi kwa leso. Nikaambiwa niseme neno. Nikasema asante. Sijui lilitoka wapi. Nimesema asante kwa kusamehewa.

Jikoni, nikiosha sahani, alikuja nyuma yangu akaninong'oneza: "Umenisitiri. Sitasahau." Harufu yake ilikuwa ya yale mafuta ya baada ya kunyoa. Nilifungua mfereji wote ili nisisikie mengine.


Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Opondo ameenda na Akello. Nimelala sakafuni na Ondiek, tumepanga vifuniko vya chupa mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni mpaka chumbani.


Jumanne, 18 Februari

Leo nimeenda Kibuye.

Nilikuwa nadaiwa shukrani na yule mama wa nyanya. Nilivaa kitambaa kichwani nisijulikane, lakini aliniona kutoka mbali. Nilidhani atanifukuza. Aliondoa ndoo, akanionyesha kigoda. "Kaa chini, mama. Kijana yuko aje?" Anaitwa Mama Nasipwondi. Alitoka Bungoma na mumewe miaka ya zamani, akabaki hapa. Nikamwambia anakula vizuri. Akashika kifua, akasema Mungu ni mkubwa. Ndipo nikalia. Mtu wa kwanza kwa siku tisa aliyeuliza mtoto kwanza!

Nikaanza kumwomba msamaha — kwa lipi hata? Akaniinulia kiganja.

"Usiniombe mimi. Mimi niliona. Si wewe uliacha hao watoto. Ni ule bwana wa shati ya bluu. Alinipungia mkono, akasema, mama, niangalizie gari kidogo. Akaingia pale."

Akaonyesha kwa mdomo. Hakuna duka la kopi pale. Ni kinyozi. Mlango wa kioo, picha za vichwa vya wanaume.

"Dakika mbili?" nikauliza.

"Mbili gani? Nimeuza debe nzima. Mtoto msichana alianza kugonga kioo, nikaenda kumwita mwenyewe. Nikamkuta amelala kwa kile kiti cha kuegemea, uso amefunikwa taulo. Nikamwambia, baba, watoto wanalia. Akasema kutoka ndani ya taulo, nakuja."

Nakuja.

"Sikungoja. Nikaita watu, tukavunja. Sasa wewe ukatokea, wakakurukia. Nilipiga kelele kwamba si yeye, si yeye! Nani anasikia mama wa nyanya?"

Nikamwambia basi mume wangu hakujua. Alikuwa bado ndani ya taulo, hakuona walivyonifanya. Nilikuwa namtetea, bado! Mama Nasipwondi akafuta mikono. Akamwita binti yake aliye kidato cha nne, akamwambia, onyesha huyu mama ile video yako.

Video ya binti ni dakika nne. Haikuanzia kwangu. Alikuwa amepanda juu ya mkokoteni, anaona kila mtu. Kioo kinavunjwa. Ondiek anatolewa. Mimi natokea. Yule mwanamke ananisukuma. Na nyuma, kwa mama wa makaa, kuna shati la bluu.

Amesimama pale. Ndevu zimechongwa. Funguo anazizungusha kidoleni. Anaona mtoto amelegea, anaona wananitemea mate. Binti alinisogezea skrini, akaikuza. Opondo anapiga hatua moja mbele. Kisha anarudi hatua mbili, nyuma ya gunia. Anatoa simu, anaiweka sikioni. Haongei. Midomo haitembei. Ameiweka tu sikioni, kama mtu mwenye shughuli, mpaka tuktuk inaondoka.

Nimeitazama mara tano. Nikaomba nitumiwe. Mama Nasipwondi akanifungia nyanya za bure, akasema nikihitaji mdomo wake, uko.


Jumatano, 19 Februari

Nimempa nafasi. Nilisubiri watoto wawe kwa jirani. Alikuwa mezani, anakunywa chai kabla ya kazi.

"Foleni ya kopi ilikuwa ndefu?" nikauliza.

"Kopi gani?"

Nikaweka simu mbele yake. Aliitazama yote, dakika nne. Chai ikapoa. Nilikuwa natazama uso wake, natafuta aibu. Niliona anafikiria.

"Nani amekupa hii?"

Hilo ndilo neno la kwanza.

"Ulikuwa pale, Opondo."

"Sikiliza. Mwanaume akipatikana ameacha watoto Kibuye, unajua watu wanamfanya nini? Wangenichoma. Wewe ni mama, hawawezi kukuua."

"Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwangu. Ulikuwa unangoja nini?"

"Watu wapungue."

Alisema hivyo. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayengoja benki.

Nilivuta blauzi nikamwonyesha bega. Bado ni zambarau, pembeni kijani. Akageuza macho. Akasema hata yeye ameumia, halali, hakuna anayemuuliza. Akasema huenda kweli wangemuua, na watoto wangebaki bila baba, nilitaka hivyo? Najua Kibuye. Wangeweza. Lakini kliniki hakukuwa na kundi la watu. Kitandani hapa hapakuwa na mawe. Kikaoni alikuwa na mama yake na kaka yake na chai!

Nikamwambia hivyo. Akaangalia saa. "Tutaongea nikirudi."

Alirudi. Hatukuongea.


Alhamisi, 20 Februari

Simu kutoka ofisi ya watoto ya serikali. Sauti ya mwanamke, tulivu, amejitambulisha kama Bi. Waliaula. Wameipata video, wanatakiwa kufuatilia. Tufike Jumatatu saa tatu, baba na mama, pamoja na watoto.

Opondo hakushtuka. Nadhani alikuwa na habari kabla yangu. Baada ya chakula alitoa bahasha kwenye mkoba. Karatasi moja, imechapwa vizuri, aya zimepangwa. Anajua kuandika ripoti, mume wangu.

"Mimi, Debra, mama mzazi wa watoto waliotajwa, nakiri kwamba tarehe tisa Februari niliwaacha watoto wangu ndani ya gari nikaenda sokoni. Mume wangu wakati huo alikuwa kazini na hakuwa na habari."

Kazini. Jumapili! Tulikuwa tumekaa benchi moja kanisani, ameshika kitabu cha nyimbo upande mmoja, mimi upande mwingine.

Chini kuna mstari wa sahihi. Ameniwekea na kalamu.

"Ni onyo tu watakupa," akasema. "Nimeuliza. Mama aliyekosa mara ya kwanza ni onyo na semina. Mimi ni kazi yote. Piga hesabu mwenyewe."

Nikasema nitaisoma vizuri. Akasema isome, hakuna haraka, mpaka Jumatatu.


Ijumaa, 21 Februari

Video haiko kwenye simu yangu. Nimetafuta kila mahali. Nilikuwa naoga asubuhi, simu ikabaki mezani.

Nilipomuuliza hakukataa. "Nimeifuta kwa amani ya nyumba hii. Tusonge mbele."

Na ameongeza, akiwa mlangoni, anatabasamu: kazi ameipata. Barua inakuja wiki ijayo.

Nikasema hongera. Sikumwambia binti wa Mama Nasipwondi ana simu yake.


Jumapili, 23 Februari

Opondo amekuwa mwema leo kupita kiasi. Ameosha vyombo. Ametoka na Akello peke yao, kutembea ufukweni Dunga, wakale samaki. Saa tatu nzima. Nimemuuliza Akello mlikuwa mnafanya nini muda wote huo. "Tulikuwa tunacheza shule," akasema. "Baba alikuwa mwalimu."

Nimefurahi kidogo, lazima niseme. Kwamba anacheza naye.

Karatasi bado iko mezani. Sijatia sahihi. Sijaichana pia.


Jumatatu, 24 Februari

Naandika kwenye benchi, ofisi ya watoto. Saa tatu na dakika kumi. Tulikuja kwa tuktuk kwa sababu ya Ondiek. Opondo ametufuata na gari, suti ya kijivu, bahasha kwapani. Ameniuliza mara mbili naandika nini. Nimesema orodha ya vitu vya nyumbani.

Kuna familia moja mbele yetu. Ukuta una picha ya mikono ya watoto, rangi za maji. Ondiek amelala kwenye mapaja yangu, naandika daftari likiwa juu ya mgongo wake.

Bado sijui nitasema nini. Nikisema ukweli, anafukuzwa kazi, na mama mkwe atasema nimeiua nyumba ya mwanawe. Nikitia sahihi, sitasimama tena mbele ya darasa maisha yangu. Nimempigia Madam Hadiya asubuhi, nikakata kabla hajashika. Amenipigia mara mbili. Sijashika.

Saa tatu na nusu. Katibu ametoka. Anasema Bi. Waliaula ataanza na mtoto msichana peke yake, ni utaratibu wao, tusiwe na wasiwasi. Opondo ameitikia haraka sana. Amechuchumaa mbele ya Akello, anamrekebisha kola. Yuko karibu nami, nasikia kila kitu, hata hajali.

"Utasema nini, mrembo wa baba?"

Akello amesimama wima. Mikono nyuma, kidevu juu, kama ninavyowafundisha watoto kukariri mashairi siku ya wazazi.

"Mama alituacha kwa gari akaenda kununua viatu. Baba alikuwa kazini. Mama alisema pole."

Hakukosea neno.

"Vizuri sana," Opondo amesema.

Machozi yamenitoka. Akello amenigeukia. Ameniona uso. Amekuja akaniwekea mkono gotini, na ananiambia kwa sauti yake ya kawaida, si ile ya shairi, anataka nifurahi: "Usilie, mama. Baba amesema nikisema vizuri, hatatuacha tena kwa gari."

Opondo amesema, "Akello, shh."

Bi. Waliaula amesimama mlangoni, faili mkononi. Sijui amesimama pale tangu lini. Hamwangalii mtoto. Anamwangalia Opondo, halafu mimi, na ananiuliza kama tunaweza kubadilisha mpango kidogo, niingie mimi kwanza.